Kwa Nini Bima ya Afya Hupingwa?

Ndugu wanakikundi, mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya. Waajiri na kampuni za bima walilia gharama, naye Rais Kibaki hakutia sahihi. Hiyo ilikuwa siasa.

Lakini na sisi tuna letu. Tumezoea kuchanga mtu akishalazwa. Kulipia ugonjwa usiokuja twaona ni kujiitia mabaya. SHA ilipoanza Oktoba 2024, mwenye mshahara hapa Kitengela alikatwa kila mwezi. Mfugaji wa Kajiado aliambiwa alipe ya mwaka mzima, kuanzia sh. 3,600. Wakati wa kiangazi atoe wapi?

Basi kikundi kiweke akiba mbuzi wakiwa na bei. Harambee ya mapema ni nafuu kuliko ya kumtoa mgonjwa hospitalini.