FIMBO HUUMIZA HATA MOYO WA MTOTO



Mtoto wako akivunjika mkono, utamkimbiza zahanati. Jeraha unaliona. Lakini liko jeraha lingine lisilotoka damu. Hilo ni jeraha la moyo na akili. Mtoto hulipata anapopigwa vibaya, anapotukanwa kila siku, anaponyimwa chakula au anapoingiliwa kimwili.

Katika vijiji vyetu vya Ushetu, watoto hufanya kazi nyingi. Huchunga ng'ombe, hupalilia mahindi na husaidia kuchuma tumbaku. Ng'ombe wakiingia shamba la jirani, mchungaji huchapwa. Mzazi husema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo ni ya kweli. Lakini inasema mkunje. Haisemi mvunje.

Uchunguzi unasema nini?

Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Karibu vijana 3 katika kila 4 walisema walipigwa au kuumizwa na mtu mzima au mpenzi kabla ya kufika miaka 18. Wasichana karibu 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono utotoni.

Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walitoa matokeo mengine. Waliwahoji watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Watoto 95 katika kila 100 walikuwa wamewahi kupigwa na wazazi au walezi kama adhabu. Waliopigwa zaidi ndio waliokuwa wagomvi zaidi na wasiotulia zaidi. Huenda mtoto mkorofi huchapwa zaidi. Lakini fikiri: kama fimbo ingeleta utulivu, waliochapwa sana wangekuwa ndio watulivu kuliko wote.

Kwa nini inakuwa hivyo?

Mtu akiogopa, moyo humdunda. Mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Hofu ikipita, mwili hutulia. Lakini mtoto anayeogopa kila siku hatulii. Usiku halali vizuri. Darasani haelewi somo, maana mawazo yake yako nyumbani. Tena hujifunza kwamba mwenye nguvu humpiga mnyonge. Naye huwapiga wadogo zake.

Dalili za kuangalia

1. Mtoto aliyekuwa mchangamfu anakuwa kimya na kujitenga.
2. Anaota ndoto za kutisha.
3. Anaanza tena kukojoa kitandani.
4. Anakuwa mkali au anatoroka nyumbani.
5. Anamwogopa mtu fulani.

Usiseme haraka kwamba amerogwa au ana jeuri. Mpeleke zahanati, maana baadhi ya dalili hizi huletwa pia na magonjwa mengine. Kisha muulize kwa upole, mkiwa wawili tu. Msikilize mpaka mwisho. Usimkaripie.

Wewe ufanye nini?

Mtoto akikosa, ngoja hasira ipungue. Mweleze kosa lake. Mpe adhabu isiyomuumiza, kama vile kusaidia kurudishia ua wa shamba lililoharibiwa. Akifanya vizuri, msifu.

Ukijua kwamba mtoto anateswa, usinyamaze. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Unaweza pia kupiga simu namba 116. Simu hiyo ni ya bure.

Jeraha la moyo hupona. Mtoto akipata hata mtu mzima mmoja wa kumwamini na kumlinda, huanza kupata nafuu. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Maswali ya kujadili

1. Taja dalili tatu za mtoto aliyeumizwa moyo.
2. Ng'ombe wakila mahindi ya jirani, utamfunza mtoto kwa njia gani bila fimbo?
3. Katika kijiji chenu, taarifa ya mtoto anayeteswa hupelekwa kwa nani?