Rekodi za Njia ya Udongo: Kutoka Kansas hadi Kamituga

Kutoka Bukavu hadi Kamituga, mashariki mwa Kongo, ni kilomita zipatazo 180 kwa Barabara ya Taifa Namba 2. Ukiangalia ramani utadhani ni safari ya asubuhi moja. Mvua ikishika, lori linaweza kumaliza siku kadhaa njiani, abiria wakilala kando ya tope huku wakingoja gari la mbele linasuliwe. Barabara inaondoka kwenye mji ulio ukingoni mwa Ziwa Kivu, inapita nyanda za juu za Walungu, kisha inateremkia kwenye misitu ya Mwenga. Huko mito imeelekea magharibi: Ulindi unakwenda Shabunda, Elila unakwenda kuingia Lualaba karibu na Kindu. Kamituga, mji wa dhahabu tangu miaka ya 1920, umo ndani ya bonde hilo la Elila.

Siku hizi duniani kuna mchezo mzima wa kupanda baiskeli kwenye njia za namna hii. Watu wanaiacha lami kwa hiari yao na kufuata changarawe, vumbi na mabonde yenye vijiji, na muda wao unahesabiwa hadi sekunde. Nimekusanya hapa rekodi zao zilizo kubwa, na kila moja nimeipima kwa njia ninayoijali, hiyo ya Kamituga.

Shindano lenye jina kubwa kuliko yote ni Unbound, linalofanyika Emporia, jimbo la Kansas, Marekani. Lilianza 2006 na waendeshaji 34 tu. Sasa ni maelfu. Mbio zake kuu ni kilomita zipatazo 320 za mawe makali na udongo wa vilima vya Flint Hills. Mwaka 2025 Cameron Jones wa New Zealand alizimaliza kwa saa 8 na dakika 37, na hakuna aliyewahi kwenda kasi hiyo kabla yake. Mimi lakini navutiwa zaidi na mwaka 2023. Mvua ilikuwa imenyesha, na mapema tu katika mbio udongo ukaganda kwenye magurudumu hadi yakakataa kuzunguka. Mabingwa walishuka, wakabeba baiskeli mabegani, wakatembea. Wazoefu wa Emporia hubeba kijiti mfukoni cha kukwangulia tope, na siku hiyo kijiti kilikuwa na thamani kuliko gia. Habari hiyo ilizunguka ulimwengu kama ajabu. Mtu wa Mwenga akiisoma ataona siku yake ya kawaida ya mwezi wa Novemba.

Ubingwa wa dunia wa changarawe bado ni mchanga: ulishindaniwa mara ya kwanza Oktoba 2022 huko Veneto, Italia, akashinda Gianni Vermeersch wa Ubelgiji upande wa wanaume na Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa upande wa wanawake.

Kwetu Afrika Mashariki mbio zinazostahili kutajwa kwanza ni Migration Gravel Race, zilizoanza 2021 katika nchi ya Wamaasai, Kenya: siku nne na kilomita zipatazo 650, kwenye njia ambazo ng'ombe na wanyamapori walizikanyaga kabla ya baiskeli yoyote. Zilizaliwa kutokana na wazo kwamba kama vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda wananyimwa viza za kwenda kushindana Ulaya, basi Ulaya na ije kushindana kwao. Nahodha wa timu iliyobeba wazo hilo, Team Amani, alikuwa Mkenya Sule Kangangi. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mbio za Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33. Katika orodha ya leo sina jina ninaloliandika kwa uchungu zaidi ya hilo, kwa sababu alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mlango unafunguka.

Njia iliyo karibu nasi kuliko zote unaweza kuiona ukiwa umesimama Bukavu. Ni ile inayofuata ufuko wa Ziwa Kivu upande wa Rwanda, iitwayo Congo Nile Trail: kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, na Rusizi ni ng'ambo tu ya mto Ruzizi. Mto huo wenyewe unatoka ziwani kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi na kushuka karibu mita 700 kabla ya kufika Ziwa Tanganyika. Rwanda hiyohiyo ndiyo iliyoandaa, Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa baiskeli wa barabarani wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Tadej Pogačar alishinda mbio za wanaume, kilomita 267.5 za milima ya Kigali. Bukavu ilikuwa imetekwa na waasi tangu Februari mwaka huo, na wapenzi wa baiskeli wa Kivu walipaswa kuutazama mchezo wao kwenye simu, ingawa ulikuwa mlango wa pili tu.

Sasa niingie kwenye rekodi ambazo hazina kitabu.

Mzigo mzito kuliko wote juu ya magurudumu mawili uko Kongo, na sioni nani atabisha. Huko Kivu Kaskazini iko chukudu, chombo cha mbao kisicho na pedali, kinachoshuka kutoka Kibumba hadi Goma kikiwa na viazi na kabichi kwa mamia ya kilo. Goma wameijengea sanamu. Katika majimbo ya Maniema na Tanganyika wako watu waitwao kumba-kumba, kwa kuwa kazi yao ni kukumba, kusukuma, baiskeli yenye mzigo kutoka soko hadi soko. Na Katanga wako wachoma makala. Kwa msomaji wa Dar es Salaam makala ni hiki unachokisoma. Kwa Mkongo makala ni mkaa. Ndilo jina la filamu ya Emmanuel Gras iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes mwaka 2017, ikimfuata kijana Kabwita akisukuma mkaa wake kilomita 50 hivi hadi Kolwezi.

Itazame hiyo baiskeli, au kinga kama tunavyoiita. Mnyororo umetolewa, pedali zimetolewa. Zingefanya kazi gani? Fimbo moja imefungwa kwenye usukani na kurefushwa pembeni, ili mtu aelekeze gurudumu la mbele huku akitembea kando ya mzigo. Nyingine imesimikwa nyuma ya tandiko, hiyo ndiyo ya kusukumia. Mipira imeraruka, imeshonwa, imezungushiwa vipande vya mpira mwingine. Ibebeshe bidoni sita za mawese za lita 20: mafuta peke yake yanapita kilo 100, wakati baiskeli nzima ya bingwa wa Kansas haifiki kilo 10. Mlimani msukumaji anainama hadi kifua kiguse mzigo. Mteremkoni breki ni mwili wake, anajivuta nyuma na visigino vinakata mifereji miwili kwenye udongo.

Kuna pia rekodi ya vikwazo. Utafiti wa 2017 wa taasisi za IPIS na DIIS ulihesabu vizuizi 798 katika barabara na njia za Kivu zote mbili, Kaskazini na Kusini. Bariere ni kamba tu au mti uliolazwa, na mtu anayedai chake. Hakuna mbio duniani ambapo mshindani hulipia kila kituo anachopita.

Na la kale kuliko yote haya: mwaka 1888 John Boyd Dunlop wa Belfast alisajili hataza ya tairi ya upepo ya baiskeli, Ulaya ikapagawa na baiskeli, na sehemu ya mpira wa magurudumu hayo iligemwa kwa damu katika misitu ya Kongo ya Mfalme Leopold. Huyu anayesukuma kinga leo juu ya tairi iliyoshonwa ni mjukuu wa nchi iliyozivalisha viatu baiskeli za dunia.

Kamituga imewahi kutajwa duniani. Ilitajwa Septemba 2020, mashimo ya dhahabu yalipobomoka baada ya mvua na kuua watu wapatao 50. Ikatajwa tena kwa mpox, aina mpya iliyoanza kuonekana mjini humo Septemba 2023, hadi WHO ikatangaza dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024. Nataka itajwe mara ya tatu kwa sababu ya watu wake wenye miguu ya chuma.

Kama ni kuwaandalia mbio, mimi ningezianzia Kitutu, hukohuko Mwenga, alfajiri ya Juni, kiangazi kikiwa kimekausha njia. Mizani itangulie saa: kila kinga ipimwe pamoja na mzigo wake, uzito uandikwe mbele ya jina la mwenyewe. Bariere zote ziinuliwe siku hiyo. Halafu tuone ni nani atakayeifikia Kamituga kwanza.