Dem wa Kilifi aliyeshuka theluji na suti ya chui

Panda mathree ya Kilifi pale Kisauni, pita Mtwapa, ushuke kwa hilo joto. Huko ndiko alizaliwa Sabrina Simader, Aprili 1998. Alikuwa mtoto mdogo wa miaka 3 walipohamia Austria na mamake, na baba wa kambo ndiye alimfunza skii.

Miezi miwili kabla azaliwe, Philip Boit alikuwa ametufungulia njia kwa Olimpiki ya baridi kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho, lakini bingwa Bjørn Dæhlie alimngoja mpaka afike, akamkumbatia.

Sasa 2018, Pyeongchang, Korea Kusini. Sabrina akawa dem wa kwanza kuwakilisha Kenya kwa hizo michezo, na timu yote ilikuwa yeye pekee. Suti yake ilikuwa na madoadoa ya chui. Noma!

Super-G alishika nambari 38. Kabla ucheke, cheki vile hiyo mbio inaenda. Unashuka mlima mara moja tu, ukipita mageti, na spidi inaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Hakuna kuijaribu njia; unaikagua polepole tu, unaikariri kichwani. Ukiruka geti moja, umetoka. Siku hiyo Ester Ledecká wa Ucheki alibeba dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.01, tena na skii za kuazima.

Wapinzani wengi walitoka nchi zenye milima, makocha na mafundi wa skii. Sisi hatuna hata mteremko mmoja wa mazoezi.