Kiwanja cha Watoto: Nasaha kwa Familia Zetu Zinazoishi Eldoret



Mji wa Eldoret, uliotunukiwa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, unapanuka kila upande. Mashamba ya jana yamekatwa viwanja vya futi 50 kwa 100, na kila kiwanja kina nyumba yake, ukuta wake na lango lake la chuma. Familia zetu za pwani zilizohamia huko kwa kazi, biashara na masomo zimepata makazi mema na hewa safi ya nyanda za juu. Walichokikosa watoto wao ni mahali pa kuchezea.

Kwetu pwani hatukuzoea kutafuta kiwanja. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, au katika mitaa ya Lamu, mtoto hucheza kibe uchochoroni, na barazani wapo wazee wanaomjua yeye na babu yake. Akikosea huonywa, akianguka huinuliwa. Eldoret jirani yuko nyuma ya ukuta. Mama asiyewajua watu humzuia mwanawe ndani, na mtoto hugeukia simu. Jambo hili si dogo, na ndiyo sababu tumeona tulizungumze.

Mchezo una nafasi yake katika malezi

Mtume wetu (S.A.W.) alirefusha sijda yake kwa kuwa mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, wala hakupenda kumharakisha. Alimtania mtoto Abu Umayr kwa kumuuliza habari za ndege wake mdogo aliyekuwa akicheza naye. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake, na wenziwe walikuja kucheza naye nyumbani kwa Mtume.

Tabibu naye yu pamoja nasi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi yanayoichangamsha pumzi kila siku, na aliye na umri wa mwaka 1 hadi 4 apate dakika 180 za harakati za namna mbalimbali. Muda huo haupatikani sebuleni.

Tutazame macho kabla ya bembea

Mzazi anayetafuta kiwanja kwanza hutazama bembea na mtelezo. Sisi twashauri atazame kwanza ni nani anayekiona kiwanja hicho. Mahali palipo na bembea mpya lakini pamejificha nyuma ya majengo si pa kumwacha mtoto. Uwanja wa nyasi tupu, unaopakana na duka la mama muuza mboga na madirisha ya nyumba tatu, ni bora kuliko huo.

Pili, tutazame ardhi. Nyasi au mchanga chini ya bembea humpokea mtoto aanguapo, lakini saruji humvunja. Tutafute vipande vya chupa, misumari na nyaya, tena tuzungukie kiwanja chote kwa miguu kabla ya mtoto kuanza kukimbia.

Tatu, maji. Mto Sosiani hupita katikati ya mji, na wakati wa mvua hujaa ghafla. Shimo lililochimbwa kwa ajili ya mawe au udongo nalo hugeuka kidimbwi kisichojulikana kina chake. Kiwanja kilicho karibu na maji pasipo uzio tukiache, hata kiwe kizuri vipi. Nne, barabara. Mpira hukimbilia chini, na mtoto hukimbilia mpira. Ikiwa mteremko unaishia njia ya bodaboda, hapo si mahali pake.

Palipo karibu

Mitaa haifanani. Elgon View nyua ni pana, lakini mara nyingi kila mtoto hucheza peke yake. Langas na Huruma watoto ni wengi, nafasi ni finyu. Kwa wa kwanza, dawa ni kualikana: Jumamosi hii kwa fulani, ijayo kwa mwingine. Kwa wa pili, ni kuomba. Uwanja wa shule au ua wa madrasa hukaa kimya jioni na mwisho wa wiki. Wazazi watano wakienda kwa mwalimu mkuu au kwa kamati ya msikiti, wakaahidi kusimamia na kusafisha, husikilizwa kuliko mmoja. Hoteli na maduka makubwa yana sehemu za michezo za kulipia. Hizo zafaa kwa siku ya furaha, hazitoshi kwa kila siku.

Tusiwasahau mabinti. Mvulana wa miaka kumi huuchukua uwanja wote kwa mpira, na msichana wa umri huohuo huambiwa arudi ndani. Stara haimkatazi kukimbia. Atengewe saa zake au pembe yake, avae nguo za heshima zisizombana, aruke kamba na kucheza rede na wenziwe. Mama wawili wakikaa kwa zamu na birika la chai, baraza yetu ya pwani imekwisha kuhamia bara.

Saa za mchezo

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Jua lake ni kali ingawa hewa ni baridi, kwa hiyo kofia ni ya lazima na sweta iwe karibu. Miezi ya mvua, kuanzia Machi hadi Septemba, ngurumo hupenda kuja alasiri. Asubuhi ni salama zaidi, na radi ikisikika watoto waondoke uwanjani. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na karibu na saa moja, kutegemea mwezi. Mtume (S.A.W.) ametuusia tuwazuie watoto wetu usiku unapoingia. Basi adhana ya Magharibi iwe ndiyo kengele ya kurudi nyumbani.

Kiwanja kisicho na mwenyewe hupotea

Mahali pengi wachezapo watoto wetu leo ni viwanja vya watu ambavyo havijajengwa. Siku mwenyewe akileta mawe, mchezo umekwisha. Kwa hiyo tuulize katika ofisi ya ardhi ya kaunti: katika ramani ya mtaa wetu, ni kipande gani kilichotengwa kwa matumizi ya umma? Kikijulikana, kilindwe. Mwezi Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walikuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Waliandamana, wakarushiwa gesi ya kutoa machozi, lakini ukuta ulianguka na uwanja ukarudi. Isiwe watoto ndio wa kututetea.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni mwake kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Akina mama wahudhurie, wakitaje kiwanja kwa jina na mahali pake, na waombe uzio, nyasi na taa.

Mkono mmoja haulei mwana. Wiki hii, kila msomaji wetu aliye Eldoret na abishe lango la jirani mmoja mwenye watoto. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awajaalie afya njema na wenza wema. Amin.