Mlijua, mkanyamaza

Katika meli za kivita za Marekani zinazobeba ndege, kila kikosi cha marubani kina chumba chake. Humo wanapewa maelekezo kabla ya kuruka, humo wanarudi wakishatua, humo wanakunywa kahawa na kutaniana. Ukutani mwa chumba hicho kuna ubao wenye majina ya marubani wote wa kikosi, na mbele ya kila jina kuna msururu wa alama za rangi: kijani, njano, kahawia, bluu, nyekundu. Kila alama ni mara moja ambayo rubani huyo amekuja kutua melini. Kijani ni kwamba ametua vizuri. Kahawia ni kwamba ametua kwa namna iliyowatia wenzake wasiwasi. Anayeingia chumbani, awe kamanda wa kikosi au kijana aliyefika jana, anaikuta kazi ya kila mmoja imebandikwa pale, na yake pia.

Ndugu msomaji, hebu fikiri ubao wa namna hiyo umetundikwa katika ukumbi wa kanisa lenu. Majina ya wazee wa kanisa, wanakwaya, akina mama wa maombi, mchungaji mwenyewe, na rangi mbele ya kila jina. Nadhani Jumapili inayofuata angefika mhudumu wa usafi peke yake, na yeye kwa sababu ndiye mwenye funguo.

Niseme mapema kwamba meli hizi ni vyombo vya vita, na sikukaa kuandika ili kuvisifu. Kilichonishika ni kimoja: jinsi watu wachache, wanaoishi pamoja miezi mingi baharini na ambao uhai wao unategemeana, walivyojifunza kuambiana ukweli bila kuvunjiana urafiki. Sisi tulioitwa ndugu kwa damu ya Kristo jambo hilo linatushinda. Linanishinda mimi, na nitaeleza.

Kwanza tuelewe kazi yao. Meli kubwa ya aina hiyo ina urefu wa mita 330 hivi, lakini sehemu ya kutulia ni fupi zaidi ya hapo, tena meli haisimami kumngoja mtu. Inakwenda, inapanda na kushuka na mawimbi. Chini ya mkia wa ndege kuna kulabu. Juu ya sitaha zimetandazwa nyaya nene, tatu au nne kulingana na meli, na kulabu inatakiwa inase mojawapo. Ikinasa, ndege iliyokuwa inakuja kwa kasi kubwa inasimama ndani ya sekunde mbili tatu. Magurudumu yakigusa sitaha rubani hapunguzi mwendo. Anasukuma injini hadi nguvu yake ya mwisho, kwa sababu kulabu ikikosa nyaya zote ni lazima awe na uwezo wa kupaa tena hapo hapo. Wakati wa vita vya Vietnam madaktari waliwapima marubani hawa mapigo ya moyo, wakakuta moyo unakwenda mbio zaidi wakati wa kuruka na kutua melini kuliko wakati wa kudondosha mabomu juu ya adui.

Sasa, ukingoni mwa sitaha, nyuma upande wa kushoto, kuna mtu amesimama. Zamani alishika vibao viwili vya rangi, mfano wa vile vya kuchezea mpira wa meza, akimwelekeza rubani kwa mikono. Vibao vilishaondoka lakini jina limebaki: hadi leo wanamwita Paddles, yaani Vibao. Siku hizi ana redio ya kuzungumza na rubani, na mkononi ameshika swichi. Akiibonyeza, taa nyekundu zinawaka, na anayekuja lazima aache kutua, apande, azunguke. Hapo hakuna mjadala wala cheo. Anayekuja anaweza kuwa mkuu wa marubani wote wa meli ile, na mwenye swichi akawa luteni kijana; taa ikiwaka, mkuu anapanda. Kando ya jukwaa la kijana huyo kuna wavu, ili ndege ikija vibaya mno ajirushe humo. Yaani anayekuonya amesimama mahali ambapo kosa lako linaweza kumuua yeye kabla yako.

Naye si mkaguzi aliyetoka makao makuu. Ni rubani mwenzao, wa vikosi vilevile. Leo anawapa wengine alama, kesho anakuja yeye na mwenzake amesimama pale ukingoni na kalamu. Nilipofika hapo nilimkumbuka Mtume Paulo katika Wagalatia sura ya 6, anapowaagiza walio wa roho wamrejeshe upya aliyeghafilika, kwa upole, huku kila mmoja akijiangalia asije akajaribiwa yeye naye. Mara nyingi tumesoma nusu ya kwanza ya agizo hilo.

Ndege zikishatua zote, Vibao anazunguka chumba kwa chumba na daftari lake. Anasimama mbele ya kila rubani na kumsomea: ulianza juu sana, ukashuka haraka katikati, ukasahihisha ukiwa karibu na sitaha. Halafu anamtajia alama. Rubani anasikiliza. Si desturi kubishana, hata kama moyoni anaona ameonewa. Yote haya yanafanyika pale chumbani, wenzake wakiwepo.

Alama nzuri ya kawaida wanaiita OK. Nilidhani ni ya asiyekosea, kumbe sivyo. Ni ya yule aliyepotoka kidogo na akajirekebisha vizuri. Ipo nyingine ya juu yake, ya aliyefanya makubwa katika hali ngumu, lakini hiyo ni nadra mno. Kinachohesabiwa ni kwamba uliuona upungufu wako mapema ukaurekebisha kabla haujawa mkubwa. Na aliyekosa nyaya zote hafukuzwi melini. Anazunguka na kuja tena. Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya miaka ya 1950 aliyekosa nyaya aliishia kwenye kizuizi kilichowekwa mbele, na akikipita hicho aliingia katika ndege zilizoegeshwa. Mwaka 1951 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Dennis Cambell, aliwaza jambo rahisi: njia ya kutulia ielekezwe pembeni kidogo, ili aliyekosa awe na bahari wazi mbele yake na nafasi ya kurudi. Usiku mbaya, rubani akikosa mara ya pili na ya tatu na mafuta yakipungua, kuna ndege ya wenzake iliyowekwa juu ikiwa na mafuta ya ziada. Inamfuata gizani, inamjazia huko huko angani ili ajaribu tena. Na kila usiku, kabla ya muda wa kulala, kasisi wa meli anaomba kupitia vipaza sauti, na sauti yake inafika kila chumba, wakiwamo wasiosali.

Ukali huo wa kuambiana ulikuja kwa gharama. Mwaka 1954 pekee, jeshi la majini la Marekani pamoja na wanamaji wake wa nchi kavu walipoteza ndege 776 na watu 535 katika ajali za urukaji. Idadi hizo zimeshuka sana tangu wakati huo. Mitambo imeboreshwa, mafunzo yamebadilika, meli zenyewe zimejengwa upya. Siwezi kusema ni ubao peke yake. Lakini jeshi lililozika watu kiasi hicho lilijifunza kwamba adabu ya kunyamaza ina makaburi yake.

Wana utani pia. Kila rubani ana jina analopewa na wenzake, hajichagulii, na mara nyingi linatokana na kosa alilofanya. Analibeba miaka yote ya kazi, limeshonwa kifuani. Hapo sisi Watanzania hatuhitaji mkalimani. Tunajua mtani anaweza kufika msibani akasema mbele ya jeneza jambo ambalo ndugu wa marehemu hawathubutu hata kulinong'ona, na watu wakacheka huku wanalia. Wazee wetu walijua kwamba ukweli unahitaji mlango wa kuingilia. Kanisani mlango huo tumeufunga, tukaweka maua mbele yake.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na ndugu mmoja, mwalimu wa kwaya, mtu wa kipaji. Akaanza pombe. Tuliona. Alichelewa mazoezini, alitafuna karafuu ibada nzima, alikopa kwa wanakwaya vijana wasioweza kumdai. Baada ya ibada tulisimama chini ya mwembe, wazee wanne watano, tukatikisa vichwa. Tulisema tumwombee. Na kweli tuliomba, sitaki kudanganya. Lakini maombi yale yalitusaidia sisi kutokwenda kwake. Mwingine alisema asiambiwe, atakwazika. Mwingine alisema Pasaka inakaribia, kwaya itamtegemea nani? Huyo mwingine nilikuwa mimi.

Iliisha inavyoishaga. Mke akarudi kwao na watoto, kazi ikapotea, fedha za kwaya zikagundulika hazipo, na ndipo kikao kikaitwa. Siku ile tulikuwa na ujasiri wote. Tulisoma Maandiko kwa sauti kubwa.

Baadaye nilimtembelea. Alikuwa amekonda, ametulia. Aliniuliza, "Kaka, mlikuwa mnajua?"

Nikamwambia tulijua.

"Tangu lini?"

Nikasema tangu ile Pasaka ya nyuma kabla ya hii. Akahesabu kwa vidole kama mtoto. "Mwaka na nusu," akasema. "Sasa mlikuwa mnangoja nini?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo.

Najua kuna atakayesema Bwana Yesu hakufundisha ubao. Katika Mathayo 18:15 alisema ndugu yako akikukosa, uende kwake kwanza, ninyi wawili peke yenu. Ni kweli, nami sipendekezi rangi ukutani mwa kanisa lolote. Tukizitundika tutazigeuza silaha kabla ya wiki kuisha. Lakini tazama sisi tulivyolipindua neno hilo. Tunaanza na mwembe, tunapita kwenye kundi la WhatsApp ambalo yeye hayumo, tunafika kwa mchungaji, na mwenye habari anakuwa wa mwisho kuambiwa. Nathani alikwenda kwa Daudi mwenyewe. Paulo alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, na wakati huo Petro alikuwa nguzo, Paulo ni mtu aliyekuja nyuma.

Miongoni mwa marubani hao wa melini kuna kundi dogo ambalo halibebi mabomu kabisa. Ni wachukuzi. Ndege yao inaitwa C-2 Greyhound, na kwa miaka mingi ilikuwa na vikosi viwili tu katika jeshi zima. Inabeba barua, vipuri, wageni, na mabaharia wanaokwenda nyumbani kuzika wazazi wao. Siku hizi inaondolewa kazini, nafasi yake ikichukuliwa na Osprey. Nao wanatua kwa kulabu na waya, nao wanasomewa daftari kama wengine.

Tarehe 22 Novemba 2017 ndege moja ya aina hiyo iliruka kutoka Iwakuni, Japani, kuelekea meli ya Ronald Reagan katika Bahari ya Ufilipino. Ndani walikuwamo watu 11. Ikapata hitilafu, haikuweza kufika. Palikuwa hapana waya mbele ya rubani, hapana taa wala rafiki aliyesimama ukingoni na redio. Palikuwa na maji tu. Akaishusha ndege juu ya bahari kwa namna ambayo watu 8 walitoka hai wakaokolewa. Watatu hawakurudi, naye akiwa mmoja wao. Ilikuja kuopolewa mwaka 2019 kutoka kina cha zaidi ya mita 5,600. Wakuu wake walisema waziwazi kwamba wale wanane walipona kwa sababu ya jinsi alivyofanya dakika zile za mwisho. Mimi nafikiri juu ya zile mara zote za nyuma, mwenzake akisimama mbele yake na daftari: ulianza juu sana, ulishuka haraka katikati.

Mwalimu wetu wa kwaya sasa ana miaka mitatu bila kuonja. Hajarudi kuongoza kwaya, anakaa benchi la nyuma. Tulikubaliana mimi na yeye tukutane kila Jumatano jioni, chai na mihogo, na kila mmoja amwambie mwenzake anachokiona. Mwezi uliopita aliniambia ninavyozungumza na mke wangu mbele za watu. Alitaja siku, akataja maneno yenyewe niliyoyasema, na akaniambia kwamba binti yangu alikuwa amesimama pale mlangoni anasikia.

Nilikuwa na majibu matatu tayari kinywani. Nikanywa chai kwanza. Kisha nikamwambia asante.