Vibali Vimepungua, Bastola Je?

Anayetaka kujua Wamarekani wangapi hutembea na bastola chini ya shati hukimbilia hesabu ya vibali: unajumlisha takwimu za kila jimbo, basi. Tatizo linaanzia Vermont. Mwaka 1903 mahakama kuu ya jimbo hilo ilibatilisha sheria ndogo ya mji wa Rutland iliyomlazimu mtu kupata ruhusa ya meya au mkuu wa polisi kabla ya kubeba silaha. Mpaka leo jimbo halitoi kibali. Kwa hesabu ya makaratasi, Vermont haina hata mbebaji mmoja.

Kwa miaka mingi Vermont ilikuwa peke yake. Alaska ikafuata 2003, Arizona 2010, Texas 2021, Florida 2023. Kufikia 2024 majimbo 29 yalikuwa hayadai kibali. Kwa makadirio ya kituo cha utafiti cha Crime Prevention Research Center, vibali vilifika takriban milioni 22 mwaka 2022, kisha vikaanza kushuka. Hilo halimaanishi bastola zimerudishwa kabatini. Mkazi wa Houston ambaye leseni yake ya miaka 5 imeisha anaweza kuacha kulipia nyingine na akaendelea kubeba kama jana.

Wanaoendelea kukata leseni wana sababu zao. Inawafaa wanaposafiri kwenda majimbo yanayoitambua, na sheria ya shirikisho inayokataza bunduki ndani ya futi 1,000 za shule humsamehe mwenye leseni ya jimbo husika. Kwa maoni yangu, vibali sasa vinahesabu wasafiri na watu waangalifu kuliko wabebaji. Tena Utah huwapa hata wasio wakazi wake, hivyo mtu mmoja huweza kuhesabiwa mara mbili.

Utafiti wa kitaifa wa 2019 uliwauliza wamiliki wa bastola wenyewe. Takriban milioni 16 walikuwa wamebeba bastola yenye risasi katika mwezi uliotangulia, kutoka milioni 9 mwaka 2015. Waliobeba kila siku walikuwa milioni 6. Majibu ya watu kuhusu nafsi zao yana kasoro zake, lakini angalau yanagusa kiuno, si faili.

New York mambo yamegeuka. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sharti la jimbo hilo la kuthibitisha hitaji maalumu la kubeba bastola, na maombi yakafurika. Huko sheria ikilegea vibali huongezeka. Texas ikilegea hupungua. Jumla ya taifa huchanganya yote mawili.