Ugumu wa Neno Linalojulikana: Msamiati wa Juu wa Kiingereza kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu Wanaozungumza Kijerumani

Makala haya yanaeleza jinsi mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kijerumani anavyoweza kuvuka kutoka Kiingereza cha mazungumzo hadi Kiingereza cha tasnifu. Hoja yetu ni kwamba, katika ngazi hiyo, kikwazo chake kikubwa si maneno asiyoyajua, bali yale anayodhani tayari anayajua. Mifano ya Kiswahili itatumika inapofaa, kwa kuwa Kiswahili kimepitia historia ya ukopaji inayokaribiana na ya Kiingereza, na kwa sababu wapo walimu wa Kiswahili katika vyuo vya Ujerumani na Austria ambao wanafunzi wao ni hao hao.

Kiingereza na Kijerumani ni lugha za tawi moja, na udugu huo husikika katika sauti zenyewe. Palipo na 't' katika 'ten' ya Kiingereza, Kijerumani kina 'z' katika 'zehn'. Palipo na 'p' katika 'pipe', kuna 'pf' na 'f' katika 'Pfeife'. 'K' ya 'make' imekuwa 'ch' katika 'machen'. Mtoto wa shule ya Kijerumani huzihisi kanuni hizi kabla hajaambiwa kwamba zipo. Kwa hiyo hatua za mwanzo humwendea haraka, naye huzoea kuamini kwamba neno linalofanana na la kwao lina maana ya kwao. Mazoea hayo yanamfaa kwa miaka kadhaa. Kisha yanaanza kumgharimu.

Mambo hubadilika katika tabaka la juu la msamiati. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea Kifaransa kwa wingi, na baadaye Kilatini na Kigiriki kupitia wasomi. Ndiyo maana kina 'ask' ya asili, 'question' iliyopitia Kifaransa, na 'interrogate' ya Kilatini. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa: nasi tuna 'kuuliza' yenye asili ya Kibantu, pamoja na 'kuhoji' na 'kusaili' kutoka Kiarabu, na hakuna anayeyatumia matatu haya kana kwamba ni kitu kimoja. Kijerumani nacho kimekopa, lakini mara nyingi hupenda kuunganisha maneno yake chenyewe. Daktari wa meno ni 'Zahnarzt', yaani jino na daktari; mtikisiko wa ubongo ni 'Gehirnerschütterung', yaani ubongo na mtikisiko. Katika hili Kijerumani na Kiswahili vimesimama upande mmoja: neno hujieleza lenyewe. Kiingereza husema 'dentist' na 'concussion', maneno ambayo hayamfungulii mlango asiyejua Kilatini. (Hata 'Dentist' lilikuwamo katika Kijerumani, lakini hadi mwaka 1952 lilimtaja mtibu meno asiye na shahada ya chuo kikuu.)

Ukubwa wa kazi hii unaweza kukadiriwa. Paul Nation, katika utafiti wake wa mwaka 2006, alionyesha kwamba msomaji anayetaka kufahamu asilimia 98 ya maneno ya matini ya kawaida ya Kiingereza anahitaji takribani familia 8,000 hadi 9,000 za maneno. Mwaka 2000 Averil Coxhead alichapisha orodha ya familia 570 zinazojirudia katika matini za kitaaluma za nyanja mbalimbali, ambazo hufikia karibu asilimia 10 ya maneno ya matini hizo. Orodha hiyo imetumika sana, na kwa haki. Hata hivyo haikutungwa kwa kumlenga mzungumzaji wa Kijerumani, naye akiisoma atakutana na vitu viwili tofauti vilivyowekwa pamoja. Kwa upande mmoja kuna maneno kama 'assess', 'require' na 'policy', ambayo hayana ndugu wa karibu wa kumsaidia. Haya atayajifunza kama mgeni mwingine yeyote, kwa kurudia na kujipima. Kwa upande mwingine kuna 'concept', 'process' na 'significant', ambayo atayapita kwa haraka akiona 'Konzept', 'Prozess' na 'signifikant'. Haya ya pili ndiyo yanayohitaji mwalimu. 'Konzept' ya Kijerumani aghalabu ni rasimu au mpango wa kazi, ilhali 'concept' ya Kiingereza ni dhana, ambayo Kijerumani huiita 'Begriff'. 'Prozess' yaweza kuwa kesi mahakamani.

Marafiki wa uongo wa kiwango cha awali hawana madhara makubwa. Kila mwanafunzi huonywa kwamba 'Gift' ya Kijerumani ni sumu na ile ya Kiingereza ni zawadi, na kwamba 'bekommen' ni kupata wala si kuwa. Tofauti hizi ni za kuchekesha, hivyo hukumbukwa. Aidha, kosa likitokea, sentensi hukosa maana na msomaji hulitambua. Hatari iko kwenye maneno ambayo kosa lake halionekani. Chukua 'eventuell', ambalo maana yake ni 'huenda'. 'Eventually' ya Kiingereza ni 'hatimaye'. Mwanafunzi anayetaka kusema kwamba huenda matokeo yake yakathibitishwa na tafiti nyingine, akaandika 'eventually', ameahidi kwamba hatimaye yatathibitishwa. Sarufi haina kasoro, tahajia ni sahihi, na msomaji hana namna ya kujua kwamba mwandishi alikusudia shaka akatoa uhakika. Katika maandishi ya kitaaluma, kiwango cha uhakika ni sehemu ya dai lenyewe. Kundi hili lina wengine: 'aktuell' ni 'ya sasa' ilhali 'actual' ni 'halisi', 'sensibel' ni mwepesi wa kuguswa ilhali 'sensible' ni mwenye busara, 'sympathisch' ni mtu anayependeza, si mwenye huruma.

Jambo jingine ni maneno yanayoandamana. Kijerumani 'huweka' swali na 'hukutana' na uamuzi. Kiingereza huuliza swali na 'hutengeneza' uamuzi. Anayejua kwamba Kiswahili hupiga picha, hupiga pasi na hupiga simu bila kumdhuru yeyote ataelewa kwa nini tafsiri ya kitenzi peke yake haitoshi. Nadja Nesselhauf, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alichunguza insha za Kiingereza za wanafunzi wanaozungumza Kijerumani na kuonyesha kwamba athari ya lugha ya kwanza ni kubwa katika makosa ya aina hii, hata kwa waliokwisha kufikia ngazi ya juu.

Kutokana na hayo, tunapendekeza saa chache za darasani zitumike kinyume cha mazoea. Orodha ya maneno mapya mwanafunzi anaweza kuishughulikia mwenyewe nyumbani kwa kadi. Darasani apewe maneno anayodai kuyajua, ayatafute katika kamusi wahidiya ya Kiingereza, kisha katika kongoo, aone yanaandamana na nini na katika matini za aina gani. Kamusi thaniya isitupwe. Walimu wanaoipiga marufuku wanasahau kwamba mwanafunzi atatafsiri tu kichwani, na tafsiri ya kichwani haikaguliwi na mtu. Ni afadhali Kijerumani kiletwe mezani, neno liwekwe mbele ya neno, na tofauti iandikwe. Katika kadi ya 'concept' iandikwe pia kile ambacho 'concept' sicho.

Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuchangia hapa, kwani lugha ya tatu wakati mwingine huonyesha mpaka ambao lugha mbili za mwanzo zimeuficha. 'Politik' ya Kijerumani ni siasa na ni sera pia. Mwanafunzi hupata tabu kuchagua kati ya 'politics' na 'policy', lakini akiwa amejifunza Kiswahili anaweza kujiuliza: hapa ningesema siasa au sera? Jibu humpa neno la Kiingereza mara nyingi. Kwa 'Wissenschaft' msaada ni mgumu zaidi. Neno hilo hujumuisha fizikia pamoja na uchambuzi wa ushairi, hivyo anayesoma 'Literaturwissenschaft' huvutwa kuiita sayansi ya fasihi kwa Kiingereza, mahali ambapo 'science' kwa kawaida huelekea kwenye maabara. 'Sayansi' yetu imefuata njia ya Kiingereza na haimwongozi mbali. 'Taaluma' inakaribia zaidi, ingawa nayo hutumika pia kwa kazi ya mtu aliyoisomea.